Maonesho ya muda ya sanaa: Mambo ambayo mwananchi wa Mara anapaswa kuyafahamu

Na Mwandishi Wetu, Butiama

Mgeni anayefika Mwitongo, Butiama, kwa mara ya kwanza aghalabu huja na nia moja, nayo ni kulizuru kaburi la Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Akishatoa heshima zake ndipo huelekea katika Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na humo hukuta jambo ambalo pengine hakulitarajia. Pamoja na picha na kumbukumbu za uongozi, zimo kazi za mikono ya wasanii: vinyago, michoro na vitu vilivyochongwa ambavyo Mwalimu alikabidhiwa kama zawadi na wananchi, taasisi na wageni kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo nyumba hiyo, ambayo wengi huiona kuwa ya historia tu, ni ya sanaa pia.

Wananchi wanaofuatilia matangazo ya makumbusho na mabaraza ya sanaa hukutana mara kwa mara na maneno “maonesho ya muda”. Tangazo hutaja tarehe ya kufungua na tarehe ya kufunga, na baadhi ya wasomaji hubaki na maswali. Kwa nini kitu chenye thamani kioneshwe kwa miezi mitatu kisha kiondolewe? Kinakwenda wapi? Na familia iliyo na ngoma ya babu au kigoda cha ukoo ikiombwa kukitoa ili kioneshwe, je, itakipata tena? Swali hili la mwisho ndilo zito zaidi, na makala haya yanalipa nafasi kubwa kuliko mengine.

Maonesho ya kudumu ni yale yanayokaa mahali pamoja kwa miaka mingi, kwa sababu yanabeba habari ambayo kila mgeni anatarajia kuikuta. Fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, ni mfano unaofahamika na wengi: habari zake haziwezi kukosekana katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, awe mgeni amekuja Januari au Agosti. Maonesho ya muda, kwa upande wake, hujibu swali moja mahususi. Huweza kuwa ya msanii mmoja, ya aina moja ya kazi, ya tukio linaloadhimishwa au ya mkusanyo ulioazimwa kutoka kwingine. Swali likishajibiwa, ukumbi huachiwa maonesho yanayofuata.

Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya jukumu hilo imebebwa na Makumbusho ya Taifa, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii na inayoendeshwa kwa Sheria ya mwaka 1980. Chimbuko lake ni jengo lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza. Leo makumbusho hayo ya Dar es Salaam yanajulikana kwa jina la Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, na yana kumbi ambazo wasanii na taasisi huzitumia kwa maonesho ya muda. Matawi mengine ya taasisi hiyo ni pamoja na Kijiji cha Makumbusho, Azimio la Arusha, Elimu Viumbe ya Arusha, Majimaji ya Songea na hayo ya Butiama. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani mtu wa Musoma au Bunda anayedhani kwamba shughuli za Nyumba ya Utamaduni ni za watu wa Dar es Salaam husahau kwamba tawi la taasisi hiyo hiyo lipo mkoani kwake.

Makumbusho ya Butiama yalifunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla ya Mwalimu kufariki dunia tarehe 14 Oktoba mwaka huo jijini London. Ikumbukwe kwamba yako karibu na makazi ya familia, ila makumbusho na makazi si kitu kimoja. Makumbusho ni mali ya umma. Makazi ni ya familia, na heshima inayopaswa kutolewa kwa nyumba ya mtu yeyote inahitajika huko pia.

Mwalimu mwenyewe aliyapa mambo ya utamaduni nafasi ya juu tangu mwanzo. Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Aidha, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar na The Merchant of Venice. Ni jambo la kuvutia kwamba mtu huyo, ambaye maisha yake ya anasa hayakuwa mengi, aliishia kuachia taifa mkusanyo mkubwa wa vitu ambavyo hakuvinunua.

Hapo ndipo Butiama inapotofautiana na mkusanyo mwingine mashuhuri wa Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya utawala wa mkoa na ambalo sasa ni Nairobi Gallery, umewekwa mkusanyo wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Murumbi alikuwa mkusanyaji kwa hiari na mapenzi yake. Alichagua, alinunua na alifanya biashara ya sanaa za Afrika. Mkusanyo wa Mwalimu ni wa aina nyingine: ulichaguliwa na watoaji. Kila zawadi inaeleza zaidi habari za aliyeitoa kuliko za aliyeipokea, yaani kijiji fulani kilitaka kusemaje mbele ya kiongozi wake, au nchi rafiki iliona kitu gani kinaistahili Tanzania. Maonesho ya muda yanayoongozwa na swali la namna hiyo yangeweza kuufanya mkusanyo uliozoeleka uonekane upya, bila kununuliwa hata kitu kimoja. Uganda nayo ina Nommo Gallery mjini Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo ni ukumbi wa taifa wa sanaa.

Mwanga, unyevu na safari

Sababu ya kwanza ya kuondoa kitu ukutani ni mwanga. Madhara yake hayaonekani kwa siku moja na hayarekebishiki. Rangi iliyofifia haiwezi kurudishwa kwa kukiweka kitu gizani; giza husimamisha uharibifu tu, halifuti uliokwisha kutokea. Ndiyo maana wahifadhi duniani hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho luksi. Kwa vitu dhaifu kama karatasi, nguo, ngozi iliyopakwa rangi na michoro ya rangi za maji, kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni karibu luksi 50. Michoro ya rangi za mafuta huvumilia karibu luksi 200. Kwa kulinganisha, jua la mchana katika Mkoa wa Mara, ulio karibu kabisa na Ikweta, huweza kuzidi luksi 100,000. Ukumbi wenye dirisha kubwa linalotazama magharibi, hata ukiwa mzuri kwa mikutano, unaweza kuiharibu picha ndani ya msimu mmoja.

Kwa hiyo mgeni anayelalamika kwamba ukumbi una giza anapaswa kufahamu kwamba taa hazikuzimwa ili kubana matumizi ya umeme. Macho huzoea baada ya dakika chache. Vilevile katazo la kupiga picha kwa mwako wa kamera, linapobandikwa mlangoni, lina sababu zake na halikuwekwa kuwasumbua watu.

Sababu ya pili ni unyevu, na hapa kila malighafi ina tabia yake. Mpingo, mti unaopendwa na wachongaji wa Kimakonde, ni mgumu mno lakini hupasuka ukihamishwa ghafla kutoka hewa yenye unyevu hadi hewa kavu. Picha za Tingatinga, mtindo ulioasisiwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Kusini aliyefariki mwaka 1972, zilichorwa mwanzoni kwa rangi za kung'aa juu ya mbao laini za kushindiliwa. Rangi hizo ni imara. Mbao zenyewe hufyonza unyevu, zikavimba pembeni na kupinda. Ngoma iliyowambwa ngozi hulegea wakati wa masika na kukaza wakati wa kiangazi, kama mpiga ngoma yeyote ajuavyo. Kitu kilichotulia kwa miaka mingi katika hewa ya pwani hakiwezi kupakiwa leo na kufunguliwa kesho Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida sanduku huachwa limefungwa ndani ya ukumbi kwa saa kadhaa, mara nyingi siku nzima, ili kilichomo kizoee hewa polepole.

Safari yenyewe ni jaribio. Kutoka Dar es Salaam hadi Butiama ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Kabla ya kitu kuondoka, mhifadhi hukikagua na kuandika hali yake: ufa ulipo, rangi ilipobanduka, tundu la mdudu, kipande kilichopungua. Kila dosari hupigwa picha. Kikifika hukaguliwa tena kwa karatasi ile ile, na kikirudi hukaguliwa mara ya tatu. Karatasi hiyo huonekana kama usumbufu wa kiofisi hadi siku kitu kinaporudi kimevunjika mkono. Siku hiyo ndiyo shahidi pekee. Vitu vya mbao na ngozi hutengwa kwanza kabla ya kuingizwa ghalani, kwa kuwa kigoda kimoja chenye wadudu watoboao mbao huweza kuambukiza rafu nzima.

Kuna sanaa isiyosafiri kabisa. Katika majabali ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ipo michoro ya Wamaasai ya ngao iliyopakwa moja kwa moja juu ya mwamba. Picha za kupigwa kwa kamera na maelezo ndivyo pekee vinavyoweza kupelekwa ukumbini. Ukuta unabaki pale pale, na anayetaka kuuona hana budi kuufuata.

Kuazimisha si kutoa

Mkoa wa Mara una jamii nyingi zinazoishi kwa ujirani: Wazanaki, Wakurya, Wajita, Wakwaya, Waikizu, Waikoma, Wangoreme, Wajaluo na wengine. Katika nyumba nyingi za jamii hizo bado vipo vitu vya zamani, kama vile vigoda, ngao, mapambo ya shanga, vibuyu, na ala za muziki kama litungu la Wakurya. Maonesho ya muda yanayohusu mkoa huu hayawezi kukamilika bila vitu hivyo, na wenye navyo ni wananchi. Mashaka huanzia hapa, na si mashaka ya bure. Wapo wazee wanaokumbuka vitu vilivyochukuliwa na watafiti, wamisionari au maofisa wa zama za ukoloni kwa ahadi ya kurudishwa, na havikuonekana tena. Masanduku mengi ya mali za utamaduni kutoka Tanganyika yaliishia Ulaya, na Makumbusho ya Berlin hadi leo yana mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913.

Kwa sababu hiyo tofauti ya maneno mawili inapaswa kueleweka vema. Kutoa ni kuhamisha umiliki: kitu kikishatolewa kwa makumbusho kinakuwa mali ya umma, na mtoaji hawezi kukidai baadaye kwa kuwa amebadili mawazo. Kuazimisha ni kukabidhi uangalizi kwa muda, huku umiliki ukibaki ulipokuwa. Yote mawili ni halali na yote mawili ni mema, ila yana nyaraka tofauti, na mwenye mali anayo haki ya kuuliza anatia saini karatasi ipi.

Mkataba mzuri wa kuazimisha hutaja jina la mwenye mali na la taasisi inayopokea, maelezo ya kitu pamoja na picha zake, hali yake siku ya kukabidhiwa, mahali kitakapooneshwa, tarehe ya kurudishwa, nani atagharimia usafiri, na thamani iliyokubaliwa kwa ajili ya fidia kikipotea au kuharibika. Kipengele cha thamani ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu watu huona aibu kukitajia bei kigoda cha babu. Hata hivyo, kukitaja si kukiuza. Pasipo kiasi kilichoandikwa, mjadala wa fidia huanza wakati kitu hakipo tena, na kila upande huwa na kumbukumbu yake. Mwenye mali abaki na nakala moja iliyotiwa saini na pande zote mbili.

Swali jingine hujitokeza ndani ya familia yenyewe: nani ana mamlaka ya kuazimisha? Ngoma au mkuki unaotunzwa na kijana mmoja unaweza kuwa mali ya ukoo mzima, yeye akiwa mtunzaji tu. Afisa mwangalifu hataupokea kabla ya wazee wa ukoo kuketi na kukubaliana, kwani maonesho yanayozaa ugomvi wa ndugu huwa yameshindwa hata kama ukumbi umejaa. Kadhalika vipo vifaa ambavyo kwa mila havitazamwi na kila mtu, au havitolewi nje isipokuwa kwa shughuli maalumu. Wenyewe wana haki ya kukataa, au kuruhusu kwa masharti: kioneshwe kikiwa kimefunikwa, kisipigwe picha, au maelezo yake yasitaje jambo fulani. Kukataa huko hakuvunji sheria yoyote.

Jambo linalogusa sheria ni kuuza na kusafirisha nje. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda malikale na vitu vya asili vilivyoainishwa humo, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayepita vijijini akinunua vigoda na ngao za kale, na kuahidi kuvipeleka kwenye maonesho ya ng'ambo, aulizwe kibali hicho kwanza. Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye mtu wa karibu wa kuthibitisha maelezo ya namna hiyo, iwe ni katika Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda, Butiama au halmashauri nyingine ya mkoa.

Msanii aliye hai

Mambo ni tofauti kidogo kwa mchoraji au mchongaji anayetaka kazi zake zioneshwe sasa. Masuala ya sanaa husimamiwa na wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, wakati makumbusho yako chini ya Maliasili na Utalii. Msanii asiyelijua hili hubisha mlango usio wake na kukata tamaa mapema. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wanaojishughulisha na sanaa. Usajili huo humpa msanii utambulisho ambao waandaaji wa maonesho huuulizia.

Hakimiliki nayo isichukuliwe kuwa ya wanamuziki peke yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inalinda michoro na uchongaji pia, na ulinzi huo hudumu katika uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtu akinunua picha amenunua kitu kile; hajapata ruhusa ya kuichapa kwenye khanga, kalenda au fulana. Vivyo hivyo, kukubali kazi ioneshwe ukumbini hakumaanishi kukubali itumike katika matangazo ya biashara. Ruhusa hizo huombwa na kuandikwa mbali mbali. Wasanii wa mikoani ndio wanaoumia zaidi kwa kutolijua hili, kwa kuwa kazi yao hutumika mbali na macho yao.

Waandaaji wanapochagua kazi huangalia pia namna zinavyozungumza zikiwekwa pamoja. Picha nzuri inaweza kuachwa kwa sababu haijibu swali la maonesho, na mwenye picha asilichukue hilo kuwa hukumu ya kipaji chake. Maelezo yanayobandikwa kando ya kazi yanapaswa kuwa ya Kiswahili kwanza, mafupi na yenye jina la msanii, mwaka na malighafi. Kwa vitu vya jamii, jina la kitu katika lugha ya wenyewe nalo liandikwe. Neno la Kizanaki au la Kikurya hubeba maana ambayo “chombo cha asili” haiwezi kuibeba.

Kwa anayetaka kutembelea, Butiama hufikika kwa barabara kutoka Musoma na kutoka Bunda kupitia Makutano. Tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu mwaka 1922, na tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake, huwa na wageni wengi, hivyo shule zinazopanga ziara ya mafunzo zingefaa kuchagua siku nyingine na kutoa taarifa mapema. Wanafunzi wa Musoma wanaweza kuanzia karibu zaidi, Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu alianza masomo mwaka 1934.

Siku ya mwisho ya maonesho haina sherehe. Ukumbi hufungwa, vitu hushushwa kimoja kimoja na kukaguliwa kwa karatasi za siku ya kwanza, na kila kimoja hurudishwa kwa mwenyewe, ambaye hutia saini ya kupokea baada ya kukitazama na si kabla. Endapo taasisi inaomba kibaki kwa muda zaidi, na mwenye mali akaridhia, huandikwa mkataba mpya wenye tarehe mpya. Makubaliano ya mdomo hayatoshi kuongeza muda wa ule wa awali.